Wenye ukoka nyumbani tupeane uzoefu: jua kali, kivuli cha mwembe, maji ya mgao

Mkazi wa Dom: Jana nimepita kwa jirani nikamkuta anamwaga boza zima bustanini, machungu yangu yote yakarudi. Mwaka juzi nilihamia nyumba mpya huku Dodoma nikapanda ukoka mwezi wa saba, wa saba jamani, na ule upepo mnaujua, maji yenyewe yanatoka mara mbili kwa wiki tena usiku wa manane. Nikawa nanyunyizia kidogo kidogo kila jioni nikijua ndo nabana matumizi, kumbe mizizi inabaki juu juu inasubiri jua liikute. Halafu kijana wa slasha akaja akaunyoa kipara. Siku chache tu ukawa rangi ya mkeka mkuukuu. Nilikaa barazani naangalia laki nne na nusu inapeperuka na vumbi. Sasa hivi nangoja mvua za Desemba ndo napanda, namwagilia alfajiri mara mbili kwa wiki mpaka maji yazame haswa, na kukata ni vidole vitatu kwenda juu. Ila chini ya mwembe bado ni upara. Nyie mmepitia nini?

Binti wa Kibada: Hapo kwenye slasha umenigusa 😂

Fundi majani: Ukoka ni wa jua, kivulini hata uumwagilie maziwa. Chini ya mwembe weka nyasi za Pemba, zile za majani mapana, alafu punguza matawi mwanga upenye. Na ujue mwembe nao unakunywa, hapo mnagombania maji.

Wa Limuru: Mnajisumbua tu. Kikuyu grass huku kwetu inajimea yenyewe hadi inaingia kwa shamba ya mtu, hakuna kumwagilia.

Mkazi wa Dom: Limuru kuna ukungu na baridi kaka. Ilete Dodoma tuje tuizike pamoja.

Wa Limuru: Basi pandeni mawe 😅

Mama Pacha: Yangu haina uhusiano na maji ila lazima niitoe. Ukoka wangu ulikubali, kijani mpaka wapita njia wanapiga picha. Mama mkwe akaja kutoka kijijini kututembelea, nikaenda kazini nikamwacha amepumzika, narudi jioni nakuta upande mzima wa mbele umelimwa, ukoka umerundikwa getini, na mama amekaa kwenye kigoda anafuta jasho ananiambia mwanangu pole, mmezidiwa na kazi mpaka nyumba inaota magugu, watoto wataumwa na nyoka. Jembe kaazima kwa jirani! Nikasema ahsante mama, nikaingia bafuni nikalia huku nimefungulia bomba, na maji yenyewe ya kununua.

Binti wa Kibada: Nimecheka hadi mtoto kaamka

Mzee Mkavu: Mama yuko sahihi. Sisi tumelelewa kwenye uwanja unaofagiliwa asubuhi, ukoka ni adui wa mkulima, leo mnaununua!

Mama Pacha: Mzee njoo na jembe lako umalizie.

Fundi majani: Ule uliorundikwa getini ungeurudishia siku ileile, ungeshika.

Mama Pacha: Ulishaliwa na mbuzi.

Juma Kisima: Turudi kwenye mada. Wenye kisima cha chumvi kama mimi wekeni nyasi za paspalamu zinazovumilia chumvi, ukoka wangu uliungua ncha wote. Maji ya kufulia pia yanafaa.

Binti wa Kibada: Yanafaa wapi, yangu yaliua kona nzima!

Juma Kisima: Ulitia jiki. Nilimaanisha ya suuza.

Mzee Mkavu: Samadi je?

Fundi majani: Iliyooza. Mbichi ya kuku itakuunguzia yote.

Mkazi wa Dom: Mbegu ya nyasi za Pemba napata wapi?

Fundi majani: Hazipandwi mbegu, unachomeka vipande. Kiroba kimoja ukikichambua unaeneza eneo la kutosha.

Mkazi wa Dom: Mwenye kiroba huku Dodoma aniambie. Mama mkwe wangu yuko Tabora, haji mpaka Krismasi.