Pushapu za ufukweni au vyuma vya Mwanga? Bondia wa kilo 60 naomba ushauri

Jebu la Kibirizi
Wakuu habari za jioni. Nipo Kigoma, napakia na kushusha mizigo ya boti pale Kibirizi, jioni napiga ngumi. Nina kilo 60, nimepigana mapambano manne ya ridhaa, nikashinda mawili. Nimepata pambano Tabora, bado miezi mitatu. Kocha wangu muda wake wote unaishia kwenye begi la kupiga na sparingi (kupigana kwa mazoezi), mazoezi ya nguvu kaniachia nichague mwenyewe.

Njia ziko mbili. Niendelee na nilichozoea ufukweni: pushapu, kujivuta kwenye tawi la mwembe, skwati, kamba, na kupandisha kilima mbio. Hiyo bure. Au niende jimu moja ya uani kule Mwanga, elfu mbili kila ukiingia, kuna nondo, benchi na vyuma vya zege lililomwagwa kwenye makopo ya rangi. Nina jioni tatu kwa wiki, saa moja moja. Mlioshika vyote viwili nisaidieni. Na wale wa "fanya vyote" semeni mara ngapi na siku gani.

Babu Raundi
Kijana, achana na vyuma. Mtunisha misuli akipanda ulingoni anapiga kama anasukuma mlango. Bondia wetu Mwakinyo alipomzima Mwingereza Sam Eggington kule Birmingham Septemba 2018, raundi ya 2 tu, uliona kifua cha benchi pale? Ilikuwa kasi. Kamba, kilima, pushapu 200 kila siku, basi.

Zege Kopo
Babu shikamoo, ila hujui Mwakinyo alikuwa anafanya nini jimu, na mimi sijui. Tuzungumze tulichokifanya wenyewe.

Mimi nilishika vyuma miezi saba. Benchi na mikono, benchi na mikono, mgongo sikuugusa. Nikanenepa kifua, nikajiona mtu. Siku ya sparingi, raundi ya pili, jebu (ngumi ya mkono wa mbele) likitoka halirudi kidevuni, linarudia kifuani kana kwamba nimefungwa jiwe kwenye kiwiko. Dogo mmoja mwembamba akawa ananipiga juu ya huo mkono anavyotaka. Mbele ya bega palikuwa pamekaza, nikijaribu kukuna mgongo vidole havifiki.

Halafu kuna kitu hakuna anayekwambia kuhusu hayo makopo. Aliyemwaga zege hakupima. Siku moja tuliyabeba hadi kwenye mizani: moja kilo 17, la pili 20 na kidogo. Miezi saba bega langu la kushoto lilikuwa linabeba deni la mtu mwingine! Kwa hiyo lawama zote sizipeleki kwenye chuma, ni mimi nilivyokibeba. Ila ukienda Mwanga, pima kwanza.

Filimbi Tabora
Nafundisha michezo huku Tabora, niruhusuni nichambue kidogo.

Konde halianzii mkononi. Unasukuma ardhi kwa mguu wa nyuma, nyonga inazunguka, bega linafuata, ngumi inafika mwisho. Ndiyo maana bondia mwenye mapaja na nyonga imara anaumiza hata kama mkono wake ni kama ufito. Mtu wa benchi tu ameimarisha kituo cha mwisho cha safari.

Pushapu ya kawaida unasukuma karibu theluthi mbili ya uzito wako. Wewe wa kilo 60 ni kama kilo 40. Mwanzoni ni mzigo wa kweli. Ukishafika 40 bila kusimama, pushapu ya 41 haikuongezei nguvu, inakuongezea uvumilivu. Uvumilivu unautaka, sikatai, ila Babu akisema 200 kila siku anajenga pumzi ya misuli na kuiita nguvu. Nguvu inataka mzigo mzito, mara 3 hadi 5, kisha pumziko la dakika 2 au 3. Kwa mwili mtupu inawezekana kwa mikono: miguu juu ya ukingo wa mtumbwi, kushuka taratibu kwa sekunde 4, mwisho mkono mmoja. Miguu ndiyo tabu, skwati ya mwili mtupu inakuwa nyepesi haraka. Hapo ndipo chuma kinaposhinda.

Ushauri wangu: jioni mbili ufukweni, moja Mwanga. Mwanga usiguse benchi. Skwati na kunyanyua nondo kutoka chini, seti 3 za mara 5, ukimaliza nenda nyumbani.

Babu Raundi
Na kilo je? Yupo 60, karibu na mwisho wa daraja lake la uzito. Akiongeza kilo tatu za nyama anapelekwa kwa watu wakubwa kuliko yeye. Halafu mtakuja hapa kumwambia pole.

Filimbi Tabora
Babu, chuma hakiongezi kilo, sahani ndiyo inaongeza. Mara 5 nzito kwa pumziko refu, bila kuzidisha chakula, mwili unajifunza kutumia misuli iliyopo. Anayetaka kunenepa anapiga mara 8 hadi 12, seti nyingi, na anakula kama ana harusi. Bondia Mmarekani Evander Holyfield alipotaka kupanda uzito wa juu aliyakusudia mazoezi ya kunenepa, akisaidiwa na Lee Haney, mtunisha misuli aliyechukua Mr. Olympia, taji kubwa la watunisha misuli, mara 8. Oktoba 1990 Holyfield alimwangusha bingwa Buster Douglas raundi ya 3, yeye akiwa na kilo 94 hivi, mwenzake zaidi ya 110. Yule alikusudia kupanda. Huyu wetu hakusudii.

Mama Kona
Wanaume mmeandika gazeti zima, hakuna aliyesoma sentensi ya kwanza ya mdogo wetu. Anapakia mizigo Kibirizi! Huyo tayari anabeba vyuma, ila vinaitwa magunia.

Nimekaa kona ya mabondia wa aina yako, mdogo wangu. Mgongo na miguu vina nguvu, tatizo vina nguvu ya polepole, na siku ya sparingi wanakuja wamechoka. Gunia hulibebi kwa kasi. Ukienda kuongeza skwati nzito juu ya siku ya boti tatu, unajitafutia kiuno. Kinachokosekana kwako ni mlipuko, yaani nguvu ya ghafla, na kuvuta.

Chukua kiroba, jaza mchanga kilo 4 au 5, kishone, kivishe kiroba cha pili. Simama kama unapigana, kirushe ukutani kwa kuzungusha nyonga, mara 5 kila upande, pumzika kabisa, rudia mara nne. Kikianza kwenda polepole, acha. Halafu kuruka juu, mara 5 tu. Kujivuta kwenye tawi endelea, seti mbili kwa kila seti moja ya pushapu, bega litakushukuru. Mpira wa ndani wa tairi la baiskeli ukiufunga kwenye mti unauvuta kifuani, huo ni mgongo wa bure. Shingo pia, taratibu, kwa kiganja chako mwenyewe.

Zege Kopo
Dada umenimaliza. Mimi nilikuwa nakaa dukani siku nzima, ndiyo maana vyuma vilinifaa miguu nilipoanza kuvibeba vizuri.

Filimbi Tabora
Nakubali, sikuisoma hiyo kazi yake. Nabadilisha: Mwanga aende tu wiki ambayo mizigo ni michache, na asifike wiki ya mwisho kabla ya pambano. Mama Kona, kiroba cha mchanga nakiiba nikitumie kwa wanafunzi wangu.

Babu Raundi
Kwa hiyo mmerudi ufukweni. Sawa.

Jebu la Kibirizi
Babu usicheke, pushapu 200 sifanyi! Nashukuru wote. Leo nimeshusha boti mbili, mikono inatetemeka hata kuandika, ndipo nimemwelewa Mama Kona. Ijumaa mizigo huwa michache, nitapita Mwanga. Nimeshaongea na mama mmoja anayeuza dagaa, ananiazima mizani ila kasema niyafute makopo kwanza.