MREJESHO: Kurekodi vikao vya Zoom vya ofisini

Wakuu, kama mnakumbuka niliuliza nawezaje kurekodi vikao vya Zoom ili wenzetu wa tawi la Mwanza wakikosa waje wacheki baadae. Aisee imekubali bila kulipia hata senti, ila lazima utumie kompyuta, akaunti ya bure kwenye simu hairekodi. Kikao kikiisha usikimbilie kuzima mashine, iache igeuze faili mpaka itoke video ya MP4, na pembeni inakuwekea faili la sauti tupu la M4A, hilo ndo limekuwa mkombozi maana watu wanalisikiliza kwenye daladala bila kumaliza bando. Zile dakika 40 za kikao cha Zoom ya bure bado zinabana kwahiyo mambo ya hela tunaanza nayo, salamu baadae 😂. Aliyenishauri OBS (programu ya kurekodi skrini) nimeijaribu, nzuri sana ila kalaptop kangu ka RAM 4 kalianza kunguruma kama trekta nikaachana nayo. Sasa hivi video naipandisha Google Drive, linki natupia kwenye grupu la WhatsApp na chini yake naandika bajeti inaanza dakika ya ngapi, nani ana muda wa kuangalia yote?