Spika ya simu inayochoma masikio: tupunguze sauti, turekebishe ikwalaiza au tununue spika ya nje?

Mpangaji wa Umoja
Ndugu zangu, naomba ushauri. Ninatumia simu ya Android ya bei ya kati kusikiliza taarifa ya habari na mihadhara niliyoihifadhi, katika chumba cha ghorofani chenye sakafu ya vigae na kuta tupu. Usiku, hata nikiishusha sauti hadi hatua ya mwisho kabla ya kimya, bado ni kubwa mno kwa chumba hicho. Mchana, matatu zinapopiga honi barabarani, hulazimika kuipandisha hadi katikati, na hapo kila "s" na "sh" ya msomaji wa habari huchoma sikio. Nimefikiria programu ya kupunguza sauti, ikwalaiza (mistari ya kupandisha au kushusha sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake), au spika ndogo ya Bluetooth. Vipokea sauti vya masikioni sivitaki, kwa kuwa nina mtoto mchanga na lazima nimsikie akilia. Ni njia ipi inayofaa zaidi?

Mhandisi wa Ngara
Umeunganisha malalamiko mawili ambayo dawa zake ni tofauti. Sauti kubwa ni suala la kiwango, ilhali sauti kali ni suala la masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, inayopimwa kwa hezi. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000 hivi, na spika ya simu, ambayo utando wake ni mdogo mno kusukuma hewa inayohitajika kutoa besi (sauti nzito), humwaga nguvu zake nyingi katika eneo hilo hilo. Ndiyo maana ukipunguza kiwango peke yake unabaki na sauti ndogo ambayo ukali wake haujaondoka.

Kwa tatizo la mchana ningeanza na ikwalaiza, hasa ile iliyomo katika mipangilio ya sauti ya simu yenyewe, kwa sababu nyingi zinazopakuliwa hukataliwa na baadhi ya programu. Shusha eneo la hezi 2,000 hadi 5,000 kwa desibeli 3 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), usikilize, kisha ufike 6 ikibidi. Usipandishe besi. Karibu kila mtu hukimbilia kuipandisha, na matokeo yake ni mkwaruzo, kwani spika hulazimishwa kutoa kitu isichokuwa nacho.

Mama wa Kayole
Kwa heshima zote, Mhandisi, si kila mtu ana subira ya kuvuta mistari hiyo ya ikwalaiza. Mimi nilinunua spika ya Bluetooth, na tofauti niliisikia bila kurekebisha chochote: sauti ya mtangazaji ilipata kifua. Hata hivyo, ndugu wa Umoja, kwa kuwa una mtoto, ujue kwamba spika nyingi za aina hiyo hulia au hutamka maneno zinapowashwa na zinapoungana na simu, na mlio huo haufuati kiwango ulichoweka kwenye simu. Wangu aliamshwa na spika kabla habari hazijaanza. Sasa naiwasha mapema, mlango ukiwa umefungwa.

Fundi wa Luthuli
Kabla hujatoa hata shilingi, kagua spika uliyo nayo. Simu nyingi zinazofika mezani kwangu zikilalamikiwa kuwa na sauti kali huwa na vumbi na nyuzi za mfukoni zilizoziba wavu wa chini. Katika simu zenye spika mbili, ile ya juu mara nyingi ndiyo hiyo hiyo ya kusikilizia unapopiga simu, na ni ndogo zaidi. Ya chini ikiziba, unabaki kusikiliza ya juu peke yake, nayo ni nyembamba na ya kuparuza. Inamisha simu ili matundu yatazame chini, kisha upitishe mswaki laini mkavu. Usitumie sindano wala hewa ya kompresa, kwa maana utando hutoboka.

Kisha fanya jaribio hili. Ikiwa mkwaruzo upo hata sauti ikiwa chini, huenda utando umeharibika na spika inahitaji kubadilishwa. Ikiwa unatokea tu unapopandisha sauti, angalia kama kuna programu ya kuongezea sauti nguvu uliyoiweka ukaisahau. Programu za aina hiyo ziondoe zote.

Galaxy Buruburu
Naongezea kuhusu usiku. Simu nyingi za Android zina hatua 15 tu za sauti ya muziki na video, na ukiwa chini kabisa pengo kati ya hatua moja na nyingine husikika sana. Mwenye Samsung anaweza kuweka programu ya Sound Assistant, ambayo huzigawa hatua hizo hadi kufikia 150. Ndani ya mipangilio ya Samsung kuna pia kikomo cha sauti, lakini hicho huzuia juu, hakikusaidii chini.

Mkazi wa South B
Kwenye iPhone jambo hili ni rahisi: kuna swichi ya kupunguza sauti kubwa, unachagua desibeli unazotaka.

Mhandisi wa Ngara
Swichi hiyo hulinda masikio kwenye vipokea sauti tu, haigusi spika ya simu. Kwa spika, mwenye iPhone atumie kitelezi cha kwenye skrini badala ya vitufe vya pembeni, kwa kuwa kitelezi humpa vipimo vidogo zaidi. Programu ya Music nayo ina ikwalaiza yenye chaguo la kupunguza trebo (sauti nyembamba za juu), ingawa haifanyi kazi nje ya programu hiyo.

Mwalimu Mstaafu, Rongai
Wanangu, ongezeni jambo moja. Mtu akianza kuona sauti ndogo hazisikiki na zilizopanda kidogo zinamuumiza, huenda kosa si la simu. Usikivu unapopungua, nafasi kati ya kusikia na kuumia huweza kuwa finyu. Mimi niligundua hilo kwa daktari wa masikio, baada ya kuilaumu redio ya nyumbani muda mrefu.

Mpangaji wa Umoja
Asante sana, Mwalimu, nanyi nyote. Mswaki ulitoa uchafu ambao sikuutarajia, na kushusha eneo la hezi 2,000 hadi 5,000 kumeondoa sehemu kubwa ya ukali wa mchana. Spika ya Bluetooth nimeiahirisha kwa sababu ya mlio aliousema Mama wa Kayole. Usiku ndio umebaki, na simu yangu si Samsung.

Mhandisi wa Ngara
Mihadhara uliyohifadhi ifungulie kwenye VLC, programu ya kuchezea sauti na video. Ikwalaiza yake ina kitelezi cha kwanza kinachobadilisha nguvu ya sauti yote kabla haijagawanywa kwa masafa. Kishushe desibeli 10 chini ya sifuri, na hatua ya kwanza ya simu itakuwa ndogo kuliko ulivyowahi kuisikia. Kwa habari za moja kwa moja, shusha mistari yote ya ikwalaiza ya simu kwa kiasi kinacholingana, huku eneo la 2,000 hadi 5,000 likibaki chini zaidi ya mengine. Asubuhi uirudishe, la sivyo mchana hutamsikia mtangazaji hata kidogo. Kengele ya kukuamsha ina kiwango chake peke yake, kwa hiyo kipunguze kando.