Mein swichi ya nyumbani Ngamiani, Tanga (kundi la familia)

IJUMAA USIKU

Mdogo Wetu: Jamani umeme umekata tena nyumbani na si mtaa mzima ni kwetu tu, kwa jirani taa zinawaka. Mama alikuwa anaoga na ile hita mpya, mimi nikawasha jagi la umeme nimpikie chai, ikalia tap, giza

Dada Mkubwa: Mama yuko salama??

Mama: Niko salama wanangu msihangaike, nimemalizia na maji ya ndoo

Kaka Dodoma: Fyuzi imezidiwa hiyo. Mwite fundi wa hapo mtaani aitoe aweke breka kubwa, ya ampia 60, yaishe

Mdogo Wetu: Kashakuja kaka, na yeye anasema hivyo hivyo, nusu saa tu. Ila kuna harufu, kama plastiki inaungua. Ngojeni

Mdogo Wetu: [picha]

Mdogo Wetu: [picha]

Mdogo Wetu: Ya kwanza ni kona ya chini ya mein swichi, oneni ilivyobabuka ikawa kahawia. Ya pili nimechomoa kishikio cha fyuzi, huo waya mnaouona humo si waya wa fyuzi, ni nyuzi za waya wa pasi mtu kazisokota mara tatu

Dada Mkubwa: Acha kushika hivyo vitu!

Mdogo Wetu: Nimezima swichi kubwa kwanza dada

Mjomba: Hata ukizima hiyo, kwenye zile waya zinazoingia kutoka kwenye mita bado kuna moto. Toa mkono mwanangu.

Dada Mkubwa: Shikamoo mjomba, afadhali umeingia

Mjomba: Marahaba. Nilikuwa nasoma tu ila kwenye breka ya 60 siwezi kunyamaza. Fyuzi au breka kazi yake ni kuulinda waya ulioko ukutani. Soketi za hapo ni waya wa milimita 2.5, ukiuwekea breka ya 60 waya unachemka ndani ya ukuta na breka imekaa haina habari, ndo nyumba zinaungua usiku watu wamelala. Hiyo hita ya bafuni imeandikwa wati 5500, gawa kwa volti 230 unapata ampia 24, kifaa kimoja hicho. Jagi wati 2000, karibu ampia 9. Hapo ni 33 na pampu na friji hatujazitaja, na fyuzi kubwa ya hapo ni ya 30. Najua kwa sababu tuliifunga mimi na marehemu baba yenu mwaka 1984, nyumba ikiwa na taa sita, redio na pasi.

Kaka Dodoma: Dah. Mjomba nisamehe, mimi niliona inakatakata tu nikataka mama asikae gizani

Mjomba: Najua. Na hita ameinunua kwa ajili ya magoti yake, ataendelea kuitumia, ila si kwenye hicho kikasha.

Mama: Kwani na friji kunitekenya ni hayo hayo? Nikiigusa na mkono umelowa inanitekenya, mimi huvaa kandambili ndo naifungua

Dada Mkubwa: Mama tangu lini????

Mama: Kabla ya Ramadhani

Mjomba: Friji ichomolewe sasa hivi. Samaki wapelekwe kwa jirani. Na hita isiguswe. Kijana kesho kukipambazuka nenda nyuma kwenye mpapai, kuna rodi ya ethi, ile fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini, niambie waya wake ukoje.

JUMAMOSI

Mdogo Wetu: Mjomba rodi ipo. Waya haupo. Umekatwa usawa wa ukuta, shaba imeibwa yote

Mjomba: Nilihofia hivyo. Kukiwa na ethi umeme unaovuja kwenye bodi ya friji unashuka ardhini, ethi ikikatwa unabaki pale pale kwenye bati unamsubiri mtu. Dada yangu amekuwa yeye ndo waya wa ethi miezi yote hii

Dada Mkubwa: Mimi nalia huku kazini kwa kweli. Mjomba sema kinachotakiwa, tuchange leo leo

Mjomba: Kikasha chote kinatoka, tunaweka DB, yaani sanduku la breka, ya njia 12, tutatumia nane, nne zibaki, kesho mtaleta jiko la umeme au AC. Taa waya 1.5 breka ya 10, soketi 2.5 breka ya 20, hita ivutiwe waya wake peke yake wa milimita 6 na breka ya 32, Tanga joto, msipunguze unene wa waya. Halafu RCCB ya milliampia 30, hapo msiniambie tupunguze gharama, hiyo ndo inayomlinda mtu. Inapima umeme unaotoka na unaorudi, ukipungua kidogo tu maana yake kuna mahali unavuja, pengine mwilini mwa mtu, inakata papo hapo. Na rodi mpya, waya wake upite ndani ya bomba. Fundi awe na leseni ya EWURA, ile mamlaka ya nishati na maji, na sili ya mita ya LUKU asiikate mtu, umeme wa kuingia wazime TANESCO wenyewe.

Dada Mkubwa: Natuma laki 2 sasa hivi

Kaka Dodoma: Laki 1 na nusu leo, nyingine mshahara ukitoka

Mjomba: Jambo moja nisisahau. Waya za humo ni za zamani, nyekundu ni fezi, yaani wenye moto, nyeusi ni nyutro, unaorudisha umeme. Za sasa kahawia ni fezi, bluu ni nyutro. Zikikutana kwenye DB moja fundi apime kila waya, asikisie rangi.

JUMATANO

Mdogo Wetu: Wameanza saa 2 asubuhi, wamemaliza saa 10 jioni. Zile waya za zamani ukizikunja ngozi yake inapukutika kama ganda la karanga. Ila RCCB inakata kila tukiipandisha, fundi anahangaika

Mjomba: Shusheni breka zote, pandisheni RCCB, kisha breka moja moja, mniambie inakatia wapi

Mdogo Wetu: Imekatia ya taa za nje

Mjomba: Fungueni ile taa ya getini

Mdogo Wetu: Weee imejaa maji mpaka sisimizi wamo. Tumeitoa. RCCB imekaa sasa, friji inaunguruma, hita inawaka na jagi linachemka kwa pamoja!

Mama: Mungu awabariki wanangu. Nimeigusa friji na mkono umelowa, miguu mitupu, haijanifanya kitu

Mjomba: Dada usifanye majaribio, nakuomba

Mdogo Wetu: Nimeandika kila breka na maka peni, GETI, PAMPU, HITA YA MAMA. Na kile kitufe cha T cha kuijaribu RCCB nimekibonyeza ikakata vizuri

Mjomba: Kibonyeze kila baada ya miezi 3

Kaka Dodoma: [picha]

Kaka Dodoma: Mjomba hii ni ya hapa ninapopanga. Vishikio vya fyuzi vyeupe vile vile, na soketi ya jikoni inakuwa ya moto tukipiga pasi

Mjomba: Umeshika?

Kaka Dodoma: Sijagusa, nimepiga picha kwa mbali

Mjomba: Vizuri. Pasi isichomekwe tena hapo. Mpigie mwenye nyumba usiku huu, akipokea niunganishe niongee naye.