Prosija ya databesi ikipata erori inyamaze au ipige kelele? Njooni tujadili

Wakuu habari za mchana. Wiki nzima hii tumebishana ofisini mimi na jamaa yangu anayeshika databesi, hatujaelewana, nikaona nililete hapa kwa watu wanaoandika mifumo. Prosija iliyo ndani ya databesi (zile amri zilizohifadhiwa humo, unaziita kwa jina moja) ikikwama katikati, nani ashughulike na hiyo erori? Yeye anasema prosija imalizane nayo humohumo, irudishe namba tu, 1 imepita, 0 haijapita, kodi ya wavuti (ile programu ya upande wa tovuti inayoiita prosija) isisumbuliwe. Mimi nasema hapana, prosija ikishindwa ipige kelele, halafu kodi ya wavuti ndiyo iamue mtumiaji aambiwe nini.

Nina sababu ya kung'ang'ania hivi. Kuna saccos moja tulirithi mfumo wao, PHP upande wa wavuti na MySQL ndiyo databesi. Jumamosi moja mama mmoja kaja dirishani na risiti yake mkononi, risiti halali kabisa imetoka kwenye printa ya palepale, alilipa rejesho la mkopo shilingi 150,000, ukifungua taarifa yake hakuna kitu na juu yake kapigwa faini ya kuchelewa. Keshia anaapa hela alipokea, na kweli alipokea, maana droo ilikuwa inazidi jioni na wenyewe walikuwa wanabishana hela ya ziada imetoka wapi. Tulikaa na ile prosija mpaka usiku.

Kumbe kolamu ya jina la mlipaji ilikuwa VARCHAR(30), yaani mwisho herufi 30. Mwenye majina mawili mafupi anapita, mwenye majina matatu marefu kama yule mama herufi zinazidi 30, MySQL inatoa erori 1406, yaani data ni ndefu kuliko kolamu. (Zamani ingelikata jina kimyakimya na kuendelea, ila kuanzia toleo la 5.7 ule ukali wa kukataa data ndefu umewashwa tangu unaposakinisha.) Mpaka hapo databesi imefanya kazi yake vizuri. Tatizo aliyeandika prosija kaweka pale juu DECLARE EXIT HANDLER FOR SQLEXCEPTION, yaani mtego wa kudaka erori, ndani yake ROLLBACK ya kurudisha muamala nyuma, halafu END, basi. Sasa kwa MySQL ukiidaka erori namna hiyo bila kuirusha tena, CALL, ile amri ya kuiita prosija, inahesabika imefaulu. PHP haioni chochote, inashuka mstari unaofuata, na mstari unaofuata ulikuwa ni kuprinti risiti. Yaani mtu anapoteza rejesho lake kwa sababu baba yake ana jina refu! Iliniuma sana na bado inaniuma.

Dawa yake ilikuwa neno moja, RESIGNAL, yaani irushe tena erori, chini ya ile ROLLBACK. Muamala unarudishwa nyuma na erori inapanda juu ikiwa na namba yake ileile.

Jamaa yangu anajibu kwamba pale kosa ni la aliyesahau kurudisha 0, mtindo wenyewe hauna ubaya. Nakubali nusu. Lakini namba ya kurudishwa inategemea kila developa akumbuke kuiangalia kila anapoita, na mwaka mzima lazima siku moja mmoja atasahau. Eksepsheni, yaani erori inayorushwa kwenye kodi, usipoidaka ukurasa unakufa, keshia anaona, hakuna risiti inayotoka. Bora ukurasa ufe. Halafu hiyo 0 haikwambii kama jina ni refu, risiti imejirudia au diski imejaa.

Anaponishinda ni kwenye mambo ya biashara. Salio halitoshi siyo erori ya databesi, ni jibu la kawaida, hapo irudishe tu jibu lake, sina ugomvi.

Upande wa wavuti nafanya hivi: nadaka PDOException (eksepsheni ya PDO, njia ya PHP ya kuongea na databesi) sehemu moja tu, naangalia namba ya erori kwenye errorInfo. Ikiwa 1062 namwambia keshia namba hiyo ya risiti imeshatumika. Ikiwa 1213, miamala miwili imekabana na MySQL imeutoa mmoja kafara, najaribu muamala mzima upya mara tatu kimyakimya. Zote zilizobaki mtumiaji anaona "malipo hayajaingia, usitoe risiti" na namba ya kumbukumbu, maelezo kamili yanaenda kwenye logi. Ujumbe mbichi wa databesi usimwonyeshe mteja, unamwaga majina ya kolamu na wakati mwingine namba ya NIDA ya mtu nje nje.

NYONGEZA: mkuu mmoja kauliza kwa nini kwake hizo eksepsheni hazitoki kabisa hata akiweka RESIGNAL. Angalia toleo la PHP ndugu yangu. Kabla ya 8.0 PDO ilikuwa inakaa kimya mpaka uiwashe mwenyewe ERRMODE_EXCEPTION, na seva za 7.4 bado zipo nyingi. Na kama prosija yako inatoa jibu la SELECT kwanza halafu inaharibika baadaye, erori utaikuta pale unapoita nextRowset, yaani kuomba jibu linalofuata, ukisoma jibu la kwanza tu ukaondoka umepitwa.

Mwingine kasema kutegemea namba ni hatari ukihamia databesi nyingine. Huyu ana hoja nzito. Namba 1205 kwa SQL Server ni mkabano wa miamala, kwa MySQL ni kusubiri kufuli mpaka muda ukaisha, na hapo kwa kawaida yake kinachorudishwa nyuma ni ile amri moja tu, muamala wenyewe bado uko wazi. Ukijaribu tena ukidhani kila kitu kimefutwa unaweza kuingiza malipo mara mbili. Ndiyo maana namba zote nimeziweka faili moja, hazitapakai kwenye kila ukurasa.

Yule mama faini yake ilifutwa na rejesho likaingizwa kwa mkono. Jamaa yangu bado hajakubali, anasema kwa databesi ya Oracle watu wameishi na WHEN OTHERS, mtego wao wa kudaka erori zote, miaka yote na mambo yanaenda. Wenye mifumo ya Oracle humu, nyie mnairusha tena au mnaimeza? Na mkiimeza, mnajuaje kilichokufa humo ndani?