Dirisha la Chagall pale Tudeley: bluu inapaukaje ndani ya kipande kimoja?

Mwana_Iringa: Wakuu, habari. Nipo Kent, Uingereza, kimasomo. Kuna kanisa dogo la Watakatifu Wote kijijini Tudeley, lina dirisha alilochora mchoraji Marc Chagall kumkumbuka Sarah d'Avigdor-Goldsmid, binti wa miaka 21 aliyezama baharini mwaka 1963. Vioo vya makanisa ya kwetu navijua: kila rangi na kipande chake, katikati risasi, yaani ile mikanda ya madini inayounganisha vipande. Hapa bluu inaanza nzito, inapauka mpaka karibu nyeupe, na risasi haipo kati. Wamepaka? Mbona haichubuki?

FundiVioo: Mdogo wangu, bluu hiyo haikupakwa, imepunguzwa. Kioo kile kinapulizwa kikiwa na tabaka mbili: chini kioo kisicho na rangi, juu utando mwembamba wa bluu. Fundi anaziba kwa nta sehemu asizotaka ziguswe, kwingine anapitisha tindikali ya hidrofloriki. Ikikaa kidogo, bluu inakuwa ya anga. Ikikaa zaidi, utando wote unaliwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Charles Marq, karakana ya Jacques Simon, Reims, Ufaransa. Watu wanamsifu Chagall tu, lakini bila Marq mpauko huo usingekuwepo.

Kilichopakwa ni mistari ya nyuso na vivuli: oksidi ya chuma na unga wa kioo, Chagall mwenyewe kashika brashi. Kikiingia tanurini, unga unayeyuka na kugandamana na kioo, ndiyo maana kucha haiutoi. Halafu tazama risasi zenyewe. Hazifuati umbo la mtu, zinakatiza zinavyotaka.

MamaTunu: Samahani, mtu kafa maji halafu wanamchora majini? Wazazi waliweza kulitazama?

FundiVioo: Waliliagiza wao, dada. Chini binti yumo mawimbini, kuna ngazi, juu Kristo msalabani. Baba alikuwa Myahudi kama Chagall, mama Mwanglikana. Sarah na mama yake walishaona vioo alivyochora Chagall kwa ajili ya Jerusalem, vilipooneshwa Paris mwaka 1961, wakavipenda. Mwaka 1967 Chagall alipofika kuona dirisha likiwa mahali pake, akasema atayafanya madirisha yote ya kanisa. Yako 12, ya mwisho yaliwekwa 1985, mwaka aliofariki.

Mwana_Iringa: Shukrani, fundi. Nikirudi Dar nataka nijaribu. Tindikali hiyo inapatikana wapi?

FundiVioo: Kwangu huipati. Inapenya ngozi mpaka mfupa, na mwanzoni hata maumivu huyasikii. Anza na mashine ya kupuliza mchanga, ile wanayochorea maua kwenye vioo vya milango. Utando unatoka vilevile, ila mpauko hauwi laini na kioo kinabaki na ukungu. Chagua mchoro usiohitaji anga.