Wale jamaa wa kadi za pointi: "HUYU MAMA ANATAKA VYOTE VIWILI!" Nina hasira hapa sijielewi

Wakuu, nimetoka pale supermaketi sasa hivi, niko ndani ya daladala, mifuko iko miguuni na mikono bado inatetemeka. Sitaji jina. Mnawajua. Wale wale wa "mteja wetu mpendwa, usisahau kadi yako".

"Huyu mama anataka vyote viwili!"

Ndivyo alivyopaza sauti keshia, akimwita supavaiza aliyekuwa kule kwenye mikate. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, foleni imefika kwenye friji za nyama, wote wakageuka. Vyote viwili! Kama nimefumaniwa na waume wawili.

Sikilizeni. Vitu vyangu 54,300. Nina kuponi waliyoichapisha WAO, chini ya risiti YAO: punguzo la 5,000 ukinunua kuanzia 50,000, mwisho leo. Kwenye kadi nina pointi 800, kila moja shilingi kumi, yaani 8,000. Na pointi moja inaingia kwa kila elfu moja, kwa hiyo hao watu nimeshawaachia laki nane. Toa 8,000, toa 5,000, nalipa 41,300, naenda zangu nyumbani.

Keshia akakata pointi kwanza. Bili ikashuka hadi 46,300. Akapitisha kuponi, mashine ikalia, eti haifiki elfu hamsini. Haifiki kwa sababu umekata pointi ZANGU! Nikamwambia rudisha basi, anza na kuponi. Hapo ndipo alipogeukia kwenye mikate. "Huyu mama anataka vyote viwili!"

Supavaiza akaja anatafuna. Eti ofa mbili haziunganishwi. Imeandikwa wapi? Akaigeuza kadi: "vigezo na masharti kuzingatiwa", maandishi ambayo hata sisimizi angeomba miwani. Akanishauri niongeze vitu vya 3,700 ili nifike hiyo elfu hamsini. Nikaongeza sabuni ya unga na biskuti za watoto. Mashine ikasema kuponi imeshatumika. Imetumika lini? Ilisomwa mara moja, ikakataliwa, na huko kukataliwa ndiko kutumika! Nikalipa elfu hamsini kamili, na pointi mpya hazikuingia, eti bili "ina ofa". Ofa ipi?!

Na kijana wa nyuma yangu, ana soda moja mkononi, anacheka mpaka anashika troli la watu. Ndiyo, navitaka vyote viwili! Vyote ni vyangu!

Kibuyu_Kikavu: Nimewahi siti ya mbele. Uzi bila picha ya risiti ni batili.

Mzee wa Chanika: Shusha munkari kwanza. Biskuti umewafikishia watoto au umezimaliza kwenye daladala?

nusu_kilo: Hii chai, tena haina sukari. Kadi gani inakuachia ufikishe pointi 800? Zangu zilifutwa mwisho wa mwaka, nikaambiwa zimeisha muda. Nikauliza hela niliyowapa nayo imeisha muda? Kimya.

Hesabu Tamu: Laki nane upate elfu nane, hiyo ni asilimia 1. Mangi wa duka la mtaani kwangu nikichukua mchele kilo tano ananipunguzia buku hapo hapo. Hana kadi, haombi namba ya simu, na anakopesha.

nusu_kilo: Kilo ya Mangi wako ina gramu 900.

Hesabu Tamu: Usimguse Mangi wangu.

Karani wa Zamani: Dada, pole. Nimekaa kaunta miaka mingi, nieleze kidogo. Pointi zikipangwa kwenye mfumo kama punguzo, zinashusha bili kabla kuponi haijasomwa. Zikipangwa kama njia ya malipo, sawa na noti, bili inabaki 54,300 na kuponi inapita. Anayechagua ni mwenye duka, siyo mashine. Keshia yeye anabonyeza tu alivyofundishwa. Ila kama kuponi haikuandikwa kwamba haiendi na pointi, Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tunza risiti, peleka malalamiko FCC, yaani Tume ya Ushindani.

Mzee wa Chanika: FCC kwa buku tano? Nauli tu ya kutoka huku kwetu na kurudi inakaribia hapo.

Mleta uzi: Siyo buku tano mzee wangu! Ni ile kauli! Mbele ya watu wazima, mbele ya majirani zangu! "Anataka vyote viwili!"

MkenyaMstaarabu: Poleni majirani. Waulizeni waliokuwa na Smart Card, kadi za pointi za Nakumatt, ile supermaketi yetu ya Kenya. Wadai walipiga kura ifilisiwe Januari 2020. Kadi imebaki ya kukwangulia vioo.

Kibuyu_Kikavu: Nakumatt walikuwepo hata Mlimani City, Dar. Na supermaketi ya Uchumi, ya Kenya pia, nao wakafunga matawi yao hapa bongo 2015. Nani anakumbuka?

tandika_boy: Nyie mnalilia supermaketi. Mtandao wangu wa simu unanihesabia pointi mwaka mzima, nikitaka kuzitumia napewa MB za saa moja. Na zinaingia nikiwa nimelala.

Mama Pacha: Kinyozi wa mwanangu alikuwa na kadi ya mihuri, ya kumi bure. Tumebakiza muhuri mmoja, tukamkuta kinyozi mpya. Eti hiyo kadi haijui.

Mleta uzi: Jamani turudi kwenye mada! Kuponi inaisha leo saa sita usiku!

Hesabu Tamu: Kidonda cha kweli ni chenji ya pipi. Kamera kila kona, mashine ya risiti ya EFD, kiyoyozi, halafu nakudai 200 unanipa pipi. Nikirudi kulipia kwa pipi mnakataa.

nusu_kilo: Mimi huwa napewa kiberiti, na jikoni natumia gesi.

Mama Pacha: Afadhali kiberiti. Juzi nimepewa bigijii.

tandika_boy: Bigijii zile za zamani, au hizi za sasa utamu unaisha kabla hujavuka barabara?